Vitanda Vitatu vya Swabir

Kijiji kizima cha Munje kilijua kwamba Boga seremala haulizi mara mbili. Ukimwambia unataka mlango, atauliza mara moja tu ni mlango wa wapi, kisha atafunga kinywa na kushika msumeno. Akielewa, atachonga. Asipoelewa, atachonga vilevile. Ndiyo maana banda la kuku la jirani yake lina dirisha la kioo, na ndiyo maana mama yake Kavumbi huweka sahani zake ndani ya kitu alichokiagiza kiwe benchi. Hakuna aliyewahi kurudisha kazi. Mbao za Boga zilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, na hata zikiwa si zile ulizozitaka, mtu huona haya kulalamika.

Kwa Boga, fundi kuuliza mara ya pili ilikuwa sawa na kwenda sokoni bila shati. Marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akisema neno mara moja kwa mdomo, na mara ya pili akilisema kwa rula. Boga alikua, akaota mvi, rula yenyewe ikaliwa na mchwa, lakini masikio yake hayakuacha kuiogopa.

Basi ilikuwa Jumapili asubuhi, wiki ya harusi ya Swabir. Swabir alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Diani, na ruhusa yake ilianza Jumatano. Nikaha ilikuwa Ijumaa. Kitanda cha bwana harusi kilitakiwa kifike kwa kina bibi harusi Alhamisi baada ya alasiri, kwa sababu kulikuwa na desturi. Bibi yake bibi harusi hukikagua kitanda kwa mwili wake mwenyewe. Hukikalia, hukilalia, hugeuka huku na huku, kisha husema. Akisema "hiki sicho," harusi inangoja. Na bibi wa safari hii alikuwa Bi Shutu, mwanamke ambaye aliwahi kuikataa mvua kwamba imenyesha upande.

Boga alikuwa anapiga msasa aliposikia hodi. Alikuwa Twaiba, dada yake Swabir, ambaye alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu alikosomea uhandisi. Kwapani alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa kama mkeka.

"Shikamoo, babu Boga."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani. Chuo kimekurudisha salama?"

"Alhamdulillahi, babu. Shikamoo, babu Tembo."

"Marahaba, injinia!" aliitikia Tembo kutoka kibanda cha pili. Tembo alikuwa fundi wa kuziba pancha, na kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kutazama mambo ya watu. "Afadhali umekuja. Hebu njoo uniangalizie pampu yangu. Inapumua nje badala ya ndani."

"Sijafika huko, babu."

"Hujafika kwenye pampu?"

"Bado. Nimemaliza mwaka wa kwanza tu."

Tembo aliweka chini tyubu aliyokuwa ameishika. "Mwaka mzima, na hamjafika kwenye pampu ya baiskeli! Mnapita njia gani hiyo?"

Boga alicheka chinichini. Hata yeye alikuwa na hamu ya kujua. "Hebu tuambie, Twaiba. Mwaka huo mzima mlisoma nini?"

Twaiba alitazama kandambili zake. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, na akiulizwa jambo mbele ya watu hujibu kama anayeliambia dole gumba lake. "Tulisoma hesabu."

"Hesabu ulizijua tangu darasa la tatu," alisema Boga.

"Hizi ni nyingine, babu. Ni hesabu za vitu vinavyobadilika kidogo kidogo. Kidogo mno, mpaka hicho kidogo chenyewe ni kama hakipo."

"Kama nyama kwenye pilau ya jirani zetu kina Sanga," alisema Tembo.

"Na fizikia. Tulijifunza kwa nini kitu kilichosimama hakianguki."

"Hakianguki kwa sababu kimesimama," alisema Boga.

"Ndiyo, babu. Lakini sisi tunaliandika kwa kurasa mbili." Twaiba alimeza mate. "Na kemia. Na kompyuta. Na somo la mawasiliano."

"La simu?"

"La kuzungumza na watu, na kuandika barua."

Tembo alimgeukia Boga kwa masikitiko. "Umesikia, fundi? Mtoto wa Munje amepelekwa mpaka chuo kikuu afundishwe kuzungumza. Na bibi yake yuko hapa kijijini, hanyamazi hata akimeza dawa!"

"Na karakana," Twaiba aliendelea haraka. "Kila mmoja alipewa kipande cha chuma, tukakipiga tupa muhula mzima."

Boga alisogea mbele. Hatimaye wamefika kwenye mambo ya vyombo. "Ee! Kikawa nini?"

"Kikawa mraba."

"Na mwanzo kilikuwaje?"

Twaiba alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Kilikuwa karibu mraba."

Tembo alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, na bati la juu likatikisika. Boga hakucheka. Alimwonea mtoto huruma. Aliikumbuka miezi yake minne ya kwanza, akiranda ubao mmoja ule ule mpaka ukawa mwembamba kama chapati, na baba yake akitazama tu.

"Na kuchora, babu," alisema Twaiba, na kwa mara ya kwanza akainua uso. "Hilo nilifaulu kuliko darasa zima. Na ndilo lililonileta. Kaka amesema nikuletee kitanda chake."

Akaitandaza karatasi juu ya meza ya kazi, akaibana pembeni kwa nyundo na kopo la gundi.

Boga aliinama. Ama mtoto alijua kazi! Mistari ilinyooka kama uzi uliopigwa chokaa. Kulikuwa na vipimo pembeni, na vishale vidogo, kila kimoja kimekaa mahali pake. Lakini picha haikuwa moja. Zilikuwa tatu. Moja juu, moja kando yake, moja chini.

"Hapa ni mbele," alisema Twaiba akionyesha kwa kidole. "Hapa ni ubavuni. Na hapa ni juu. Halafu hii mistari iliyokatikakatika ni ya..."

Tatu? Boga alihisi swali likimpanda kutoka tumboni. Lilipanda, likafika kooni, likagonga mlango. Akainua macho. Tembo alikuwa ameacha tyubu zake zote na amesogea mpaka mpakani mwa vibanda, akimtazama kwa macho ya mtu anayesubiri mbuzi wa jirani atumbukie kisimani.

"Umeelewa, fundi?" aliuliza Tembo. "Au karatasi ya chuo ni nzito?"

Boga alilimeza swali. Akaitoa nyundo, akalitoa kopo la gundi, akaikunja karatasi.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi nilikuwa nachonga vitanda kabla mama yako hajatogwa masikio. Nimeelewa."

"Lakini babu, hata sisi somo hili lilitusumbua. Nikueleze kidogo tu..."

"Nimeelewa."

Twaiba alikuwa na adabu, na mwenye adabu habishani na mzee. Akaaga. Alikuwa anakwenda Tiwi kuwaalika shangazi zake na kuwasaidia kushona, na angerudi Jumatano pamoja na kaka yake.

Siku ya Jumatatu Boga alichonga cha kwanza. Alifuata vipimo bila kupunguza hata unywele. Jioni kikawa tayari: matendegu mawili marefu, yaani miguu ya kitanda, na kati yake mbao tano zilizolala, basi. Kilikuwa kama lango la shamba. Hakikuweza kusimama chenyewe, ikabidi akiegemeze ukutani.

Alikitazama kwa muda mrefu. Mtu atalalaje hapa? Kwa kusimama? Kisha akaikumbuka siku aliyokwenda kutengeneza milango ya hoteli moja Diani. Aliwaona wageni wamelala kila mahali, kwenye viti vinavyorudi nyuma, kwenye nyavu zilizofungwa minazini, kwenye magodoro yanayoelea majini. Mtu mwenye uwezo halali mahali pamoja. Na Swabir amefanya kazi kwao miaka sita. Huenda hiki cha mbele ni cha kuegemea, usingizi ukiwa ndio kwanza unabisha hodi.

Jumanne asubuhi alichonga cha pili. Hiki kilikuwa kirefu, chembamba kama ua wa makuti, kina ubao mmoja wa ubavuni wenye tendegu refu upande wa kichwani na fupi upande wa miguuni. Boga alitazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akapanda akajilaza kwa ubavu juu ya ule ubao, mwembamba vile vile ulivyokuwa. Alilala kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha akaanguka kwenye maranda.

"Pole, fundi," ilisema sauti ya Tembo. "Ndoto mbaya?"

"Nilikuwa nakijaribu," alisema Boga akijikung'uta. "Hiki ni cha ubavuni. Ni cha mtu anayelala kwa ubavu."

"Na mwenye kulala chali?"

"Chake kinakuja mchana."

Na kweli, mchana alichonga cha tatu: fremu ya mstatili, chaga kumi na moja za kupitia katikati, na miguu hakuna. Juu, mtoto alisema. Ni cha kuweka juu. Juu ya nini, hilo si swali la fundi, ni swali la mwenye nyumba.

Ilibaki mistari iliyokatikakatika. Boga aliikazia macho mpaka ikaanza kutembea. Mwishowe akachukua keekee, na kila palipokuwa na kipande cha mstari akatoboa kitobo. Alihesabu vitobo mia moja na arobaini, vimepangwa kama sisimizi wanaokwenda mazishini.

"Hivyo ni vya nini?" aliuliza Tembo.

"Vya upepo," alisema Boga bila kupepesa. "Huoni joto hili?"

Kufikia hapo hata Tembo aliishiwa na maneno. Lakini hakuishiwa na simu. Alivipiga picha vile vitu vitatu vilivyoegemea ukutani, akaituma kwenye kundi la harusi la WhatsApp na kuandika chini yake: "Vitanda vitatu vya Swabir. Hongera bwana harusi!"

Habari ya Munje haihitaji mguu wa kutembelea. Alasiri ilikuwa Msambweni. Magharibi ilirudi Munje, imenenepa.

Jumatano asubuhi Boga alikuwa anapaka mafuta ile fremu ya tatu, mwanga wa jua ukaondoka mlangoni. Aliyeuziba alikuwa Bi Shutu. Nyuma yake walikuwepo wanawake watano wa ukoo wake, kila mmoja ameshika kiuno chake mwenyewe.

"Shikamoo, dada Shutu," alisema Boga.

"Marahaba. Vitanda vingapi hivi?"

"Vitatu," alisema Boga, na hakuweza kuificha furaha ya kazi iliyotimia kabla ya siku.

"Na mjukuu wangu Mejumaa, ni wangapi?"

"Mmoja."

"Basi hivi viwili ni vya nani?"

Boga aligeuka akavihesabu upya. Tangu Jumapili alikuwa amejiuliza mambo mengi juu ya vile vitanda, lakini hilo halikumpitia hata karibu.

"Taja majina!" alisema mwanamke wa kwanza.

"Mmoja ni yule wa Ukunda, muuza chapati," alisema wa pili. "Mimi nilijua! Swabir ni mpishi, chapati anazifuatia nini?"

"Na tazameni hiki," alisema wa tatu, akiigusa ile fremu kwa kidole cha mguu. "Hakina hata miguu! Masikini, mke wa tatu amedharauliwa hata kabla ya kuposwa!"

"Na huyu wa pili kitanda chake kinachechemea," alisema mama yake Kavumbi. "Mguu huu mrefu, huu mfupi. Huyo mume gani?"

Bi Shutu aliinua mkono, wakanyamaza. "Nisikilize, Boga. Mimi sikatai mitala, dini imeruhusu. Ninachokataa ni kuletewa wake wenza kwa jumla, kama vikombe! Mwambie Swabir Ijumaa alale kwenye kitanda anachokitaka. Mjukuu wangu hatoki."

Wakati huo huo bodaboda ilifunga breki nje. Swabir aliruka kabla haijasimama, aproni ya jikoni bado iko kiunoni na kijiko cha mbao kiko mkononi, maana picha ilimfikia Jumanne jioni akiwa anakoroga mchuzi, na tangu hapo hakukumbuka kuviacha. Nyuma yake alishuka Twaiba, ambaye alikuwa amempitia Ukunda akitoka Tiwi.

"Bibi!" Swabir alipiga magoti juu ya maranda. "Wallahi mke ni mmoja! Mejumaa amenikasirikia tangu jana. Nikimpigia, anasema nimtajie majina. Sina majina, bibi! Kitanda ni kimoja!"

"Macho ninayo, Swabir," alisema Bi Shutu. "Moja, mbili, tatu."

Twaiba alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama kile cha kwanza. Alitazama cha pili. Alitazama cha tatu, halafu vile vitobo. Mkono wake ukapanda taratibu ukaufunika mdomo. Akamsogelea Boga, akamnong'oneza.

"Babu, hiki ni kitanda kimoja. Nilikichora mara tatu."

"Kwa nini?" Boga naye alinong'ona. "Ulisahau kwamba umeshakichora?"

"Hapana, babu." Twaiba aliokota boksi la misumari mezani akamwelekezea usoni. "Ukisimama mbele, unaona upande huu." Akaligeuza. "Ukienda ubavuni, unaona huu. Ukipanda juu ya paa ukachungulia, unaona huu. Lakini boksi ni lile lile. Ndivyo tunavyofundishwa mwaka wa kwanza."

Boga alilitazama boksi la misumari. Alikuwa amelitazama kila siku kwa miezi mitatu, na sasa aliliona kwa mara ya kwanza. Mbele, ubavuni, juu. Moto ulianzia shingoni ukampanda mpaka kwenye utosi.

"Na mistari iliyokatikakatika?"

"Ni ya vitu vilivyo ndani, ambavyo haviwezi kuonekana."

"Nimevitoboa vyote."

"Nimeona, babu."

"Mnanong'onezana nini?" aliuliza Bi Shutu.

Twaiba alizidi kuishusha sauti. "Niache niseme ni kosa langu, babu. Nitasema nilichora vibaya. Mimi bado ni mwanafunzi, hakuna atakayeshangaa." Na kabla Boga hajajibu, aligeuka, akakitazama kidole gumba cha mguu wake na kusema, "Bibi, ni mimi. Mimi ndiye niliyechora vitanda."

"Alaa!" Bi Shutu alipiga makofi mara moja. "Kumbe ni huyu wifi! Ndiye aliyewachorea wake wenza! Hayo ndiyo wanayofundisha mwaka wa kwanza? Na michango tulitoa, na dua tulisoma, tukidhani anakwenda kuwa mtu!"

"Labda alichora akiwa na usingizi," alisema mwanamke wa tatu.

"Labda hajui kuchora," alisema wa pili.

Twaiba alizidi kuinama. Na karatasi yake ilikuwa pale pale juu ya meza, imetandazwa, mistari imenyooka vilevile kama ilivyokuwa Jumapili. Boga aliitazama. Alitafuta hata kosa dogo, angalau kishale kilichopinda, moyo wake upate pa kujificha. Hakukiona. Ilikuwa kazi safi. Katika maisha yake Boga alikuwa amefanya mambo mengi ya ajabu kwa mbao, lakini hakuwahi kuiita kazi safi mbovu.

"Hapana," alisema. "Mchoro ni mzuri. Sikuelewa."

Kwenye kibanda cha pili pampu ilianguka.

"Ati?" alisema Bi Shutu.

"Sikuelewa mchoro. Nilionyeshwa kitanda kimoja kwa pande tatu, nikachonga vitanda vitatu. Mtoto alitaka kunieleza, nikamnyamazisha. Swabir hana mke mwingine. Kosa ni langu."

"Sema tena," alisema Bi Shutu. "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Ila kuna vitu mtu husubiri miaka arobaini kuvisikia, na vikija mara moja havitoshi.

"Sikuelewa!" alisema Boga kwa sauti, na yule wa bodaboda akaizima injini ili asipitwe.

"Kumbe na lile benchi langu!" alipiga kelele mama yake Kavumbi. "Mimi miaka mitatu nikidhani ni mtindo!"

Wanawake walivunjika kwa kicheko. Tembo alikuwa amekaa chini kabisa, analia. Boga alisimama katikati yao akisubiri kufa, na alipoona hafi, alishangaa kidogo.

Bi Shutu peke yake hakucheka. "Maneno ni maneno," alisema. "Mimi nakagua kitanda. Kama ni kimoja, nionyesheni hicho kimoja, sasa hivi, kabla sijatoka mlango huu. La sivyo, nikaha haipo."

Boga alimgeukia Twaiba. "Mjukuu wangu, nieleze. Hiki cha mbele kinakaa wapi?"

"Kichwani, babu."

"Na hiki cha ubavuni?"

"Kinaungana na kichwa hapa, upande wa kushoto."

"Na hiki cha juu kinalala juu yake?"

"Ndiyo, kati ya kile na kile."

"Na mguuni?"

"Hapo ndipo pabaya," alisema Twaiba.

Walivipanga, Swabir akishika huku, Boga akigonga misumari ya kushikiza kule. Kitanda kikaanza kutokea mbele ya macho ya watu, na wanawake wakaacha kucheka, wakasogea. Kichwa kilikuwa na matendegu yake mawili. Ubavu ulishika kona ya tatu. Lakini ubavu wa pili haukuchongwa, na kona ya nne ilining'inia hewani kama ulimi wa mbwa. Kuchonga tendegu na kulipigia tundu ilikuwa kazi ya nusu siku, na Bi Shutu alikuwa ameshaanza kuvua ndala.

"Hapa panahitaji kitu," alisema Twaiba. Sauti yake ilikuwa imekomaa ghafla, kama ya mtu aliyefika kwenye swali alilolisomea. "Uzito unakwenda chini. Lazima kuwe na kitu kinachosukuma kwenda juu kwa nguvu ile ile. Zikisawazika, hakianguki."

Watu wote wakatazama huku na huku wakitafuta kitu. Macho yao yakazunguka banda zima, yakatoka nje, yakamfikia Tembo.

"Mimi?" alisema Tembo akijifuta machozi.

"Wewe ndiye uliyepiga picha," alisema Swabir, na kile kijiko cha mbao kilikuwa bado kiko mkononi.

Basi Tembo alipiga magoti kwenye kona ya nne, wakamwekea fremu begani. Swabir alitandika aproni yake na kanga mbili za wanawake mahali pa godoro. Bi Shutu akasema bismillahi, akakaa. Kitanda kililia kidogo, kikanyamaza. Tembo alilia, hakunyamaza. Bi Shutu akajirusha mara mbili palepale alipokaa. Akainua miguu, akalala. Akageukia kulia, akageukia kushoto, akaipapasa mbao ya kichwani kwa kiganja, polepole, kama anayetafuta kasoro aliyoiweka mwenyewe.

"Kuna kaupepo hapa," alisema.

Kisha akafumba macho. Swabir alikuwa ameshika kijiko kwa mikono miwili kama mtu anayeomba dua. Mara ikasikika sauti ndogo, nyembamba, kama ya msumeno unaoanza mbao laini.

"Amesemaje?" alinong'ona Swabir.

"Hajasema," alisema mama yake Kavumbi. "Anakoroma."

"Basi harusi ipo, au haipo?"

"Muulize."

"Muulizeni nyinyi. Mimi akiamka na hasira ndiye nisiyeoa."

"Muulizeni yeyote, lakini upesi!" alisema Tembo kutoka chini, mishipa ya shingo imemsimama. "Uzito wote ni wangu!"

"Si wote, babu," alisema Twaiba kwa upole. "Ni robo tu."

"Basi hii ndiyo robo yenye nyonga!"

Swabir alijongea kwa vidole vya miguu. Alikohoa. Bi Shutu alikoroma. Swabir akakohoa zaidi. "Bibi," alisema, "samahani. Ijumaa..."

"Ijumaa mje mapema," alisema Bi Shutu, macho yamefumba. "Sipendi nikaha ya kuchelewa, wali unapoa. Na huyo mguu wa nne asitikisike. Mimi usiku sikulala kwa ajili yenu."

Wanawake walipiga vigelegele vya kunong'ona. Swabir alitoka mbio nje, simu sikioni, kumtafuta Mejumaa. Boga alichagua ubao mzuri wa mwembe, akauweka mezani karibu na ule mchoro, na Twaiba akamsogezea penseli.

"Tendegu la nne, babu," alisema. "Sentimita arobaini na tano."

Kutoka kwenye kona, Tembo alimtazama rafiki yake kwa macho ya kuomba. Boga aliupima ubao, akaupima tena, akaushika msumeno, akaupuliza vumbi jino baada ya jino. Hakuwa na haraka hata kidogo.